Sindano ya Bei Kubwa na Santuri za Wazee Wetu

KATIKA nyumba nyingi za pwani yetu, tangu Takaungu mpaka Mambrui, liko sanduku ambalo halijafunguliwa kwa miaka. Limesukumwa chini ya kitanda au limepandishwa juu ya kabati, na ndani yake mna santuri: za Siti binti Saad, za Umm Kulthum, za Juma Bhalo, za Zein l'Abdin, za Fundi Konde. Mwenye sanduku ameshatangulia mbele ya haki, au yu hai lakini gramafoni yake iliharibika zamani. Warithi hawajui walifanye nini.

Sasa masanduku hayo yameanza kufunguliwa tena. Santuri, ambazo kila mtu alidhani zimezikwa na kanda na kisha CD, zimerudi sokoni. Huko Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri zipatazo milioni 41, na CD milioni 33. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwaka 1987 kwa santuri kuzipita CD kwa idadi. Upepo huo umetufikia na sisi. Vijana wetu walioko Maskati, Dubai na London huja likizo na mashine mpya, na wengine hununua kwa Wataliano wanaofunga nyumba zao Malindi. Na mashine ikishaingia nyumbani, mazungumzo huhamia kwenye kitu kidogo kuliko kidole gumba: kichwa cha sindano.

Kichwa hicho ndicho kinachokaa mwisho wa mkono wa gramafoni, nacho ndicho kinachoshika sindano. Vipo vya dola mia moja, na vipo vya dola elfu kadhaa. Wauzaji husema kwamba mtu akikibadilisha hicho tu, gramafoni ya kawaida hugeuka ya kifalme. Je, neno hilo ni kweli kwa santuri zetu? Hilo ndilo tunalotaka kulitazama leo, kwani ndani yake mna jambo kubwa kuliko starehe ya mtu mmoja.

MKASA WA MALINDI

Jirani yangu mmoja wa Malindi, mtu mzima, aliletewa na mwana wa nduguye kichwa cha namna hiyo kutoka Arabuni. Bei yake ingemnunulia ng'ombe wa maziwa. Kijana alikifunga kwa ustadi, akapima uzito wa mkono kwa mizani ndogo, kisha akasema, "Ami, chagua santuri uipendayo." Mzee akachagua ya Siti, ile nzito, nyeusi, ya mizunguko 78 kwa dakika.

Tulichosikia kilikuwa kama mchanga unaokaangwa, na sauti ya Siti ikiwa mbali nyuma yake. Kijana alitahayari, akadhani ameuziwa kitu cha bandia. Mzee akamwambia kwa upole, "Mwanangu, sindano ya chuma ya marehemu baba yangu ilikuwa ikisema vizuri zaidi."

Kwa hakika kichwa kile hakikuwa cha bandia. Kosa lilikuwa kwamba kiliwekwa juu ya santuri isiyokuwa yake.

MIFUO MIWILI, SINDANO MBILI

Santuri ni mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka ukingoni mpaka karibu na kati. Kuta za mfuo huo zimechongwa mawimbi kwa mfano wa sauti iliyorekodiwa. Sindano ikipita, hutikisika. Katika vichwa vilivyo vingi, mtikisiko huo huichezesha sumaku ndogo mbele ya koili, na hapo umeme mdogo sana huzaliwa, kiasi cha milivolti tatu hadi tano. Katika vile vya bei kubwa, mara nyingi kinachotikisika ni koili yenyewe, na umeme wake huwa mdogo zaidi. Kwa mfano Denon DL-103, kilichotoka Ujapani mwaka 1962 na kinachosifiwa mpaka leo, hutoa milivolti 0.3 tu. Asiye na amplifaya yenye nguvu ya kuukuza umeme huo atasikia mnong'ono, alaumu kichwa bure.

Lakini kwetu sisi jambo la kwanza ni ncha ya sindano. Santuri za mizunguko 78 zina mfuo mpana. Ncha inayozifaa huwa na nusu kipenyo cha mikroni 65 hadi 75, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, na mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa ile ndogo ya mizunguko 45. Hizo zilichongwa mfuo mwembamba, na ncha yake ni mikroni 25, au 18 kwa zile za stereo zilizofuata. Basi ukiitia sindano ya mikroni 18 katika mfuo wa santuri ya Siti, haigusi kuta ilipo sauti. Huzama mpaka chini kabisa, ikaburura vumbi na takataka za miaka tisini. Ule ndio mchanga tuliousikia.

Hata jinsi santuri zenyewe zilivyotengenezwa ni tofauti. Za 78 zilifanywa kwa lakiri, yaani utomvu wa wadudu wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Unga huo uliisaga sindano ya chuma mpaka ikapata umbo la mfuo. Ndiyo maana wazee waliambiwa wabadilishe sindano kila baada ya upande mmoja. Aliyeona ni hasara, akaitumia sindano moja kwa harusi nzima, aligeuza chuma kilicholika kuwa patasi. Mikwaruzo tunayoisikia leo katika santuri nyingi haikutokana na uzee. Ilichongwa siku zile na mkono wa mtu.

Liko pia jambo la mono na stereo. Santuri nyingi za pwani, hata zile ndogo za mizunguko 45 za miaka ya sitini, ni za mono. Katika mono sindano hutakiwa kwenda kulia na kushoto tu. Kichwa cha stereo husikiliza pia mwendo wa juu na chini, na huko hakuna wimbo wowote, ila kelele za vumbi na mikwaruzo. Kwa hiyo kichwa cha stereo kinavyozidi ukali ndivyo kinavyozidi kutuletea uchafu. Dawa yake ni rahisi: kichwa cha mono, au kifungo cha mono katika amplifaya.

Tukijumlisha haya, tunaona kwamba swali la kwanza si "Kipi ghali?" Swali ni "Nataka kupiga santuri gani?" Kwa santuri za 78 viko vichwa maalumu visivyokuwa na bei ya kutisha. Ortofon, kampuni ya Denmark iliyoanza mwaka 1918, hutengeneza kimoja kiitwacho 2M 78 chenye ncha ya mikroni 65. Na kwa mwenye kichwa cha zamani cha Shure, kampuni hiyo iliacha kazi ya vichwa mwaka 2018, lakini JICO ya Ujapani hutengeneza sindano za kuvifaa. Mtu kama huyo huenda akahitaji sindano mpya tu, si kichwa kizima. Anayetaka kununua cha maelfu kwa ajili ya santuri mpya za stereo, shauri yake na mfuko wake. Kwa sanduku la babu, huo ni israfu.

KINACHOPOTEA NI NINI

Huenda msomaji akauliza: haya yote ya nini, na nyimbo zimo katika simu? Jibu ni kwamba zilizomo ni chache, na hizo zenyewe zimepita njia ndefu.

Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodiwa na HMV, na santuri zake zikaenea mwambao mzima. Baadaye kazi hiyo ilishika mizizi Mombasa, ambako duka la Assanand lilitoa santuri kwa jina la Mzuri na kurekodi mafundi wa tarabu wa zama zile. Fundi Konde, mzaliwa wa upande huu wetu wa Kilifi, alipelekwa Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili katika kikosi cha kuwaburudisha askari, akarudi akawa miongoni mwa waimbaji wa gitaa waliosikika Afrika Mashariki nzima. Alifariki mwaka 2000. Bhalo naye ametutoka mwaka 2014, na Zein mwaka 2016.

Sasa tazama ni nani aliyezifufua sauti hizo. Mkusanyo wa Fundi Konde ulitolewa London na RetroAfric mwaka 1994. Tarabu ya Mombasa ya miaka 1965 hadi 1975 ilitolewa Ufaransa na Buda Musique mwaka 2005. Mwaka 2010 Honest Jon's ya London ikatoa nyimbo za zamani za Afrika Mashariki kutoka katika ghala la EMI. Tunawashukuru. Lakini ni aibu pia kwamba mtu wa Kilifi akitaka kumsikia mwana wa Kilifi, njia inapitia London. Na watu hao waliweza kutoa yale tu waliyoyapata. Ambayo hayakuwafikia yamo katika masanduku yetu, na kila yakipigwa kwa sindano isiyofaa yanapungua.

Wako wenzetu wasiopenda ala za muziki, na neno lao lina heshima yake. Lakini sanduku si la nyimbo tu. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alimaliza kurekodi Kurani nzima kwa tartili, na kwanza ilitolewa katika santuri. Wako waliozinunua. Na hata katika tarabu, kilichobebwa ni tungo za Kiswahili cha Kimvita, Kiamu na Kiunguja, maneno ambayo mengine hayasikiki tena midomoni mwa watoto wetu. Asiyetaka udi, na asikilize lugha.

LA KUFANYA

Kwanza, santuri ya zamani isipigwe kwa majaribio. Vile vigramafoni vya mkoba vya bei rahisi hukandamiza mfuo kwa gramu tano au zaidi, ilhali kichwa kizuri cha kisasa kwa santuri ndefu hutosheka na gramu mbili hivi.

Pili, santuri ya lakiri isisafishwe kwa spiriti hata kidogo, kwa kuwa spiriti huiyeyusha lakiri. Maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tone la sabuni laini, na kitambaa kisicho na nyuzi vinatosha. Karatasi ya katikati isilowe. Kisha isimamishwe wima mahali pa kivuli, mbali na dirisha linaloleta hewa ya chumvi na unyevu.

Tatu, na hili ndilo kubwa, tuache kununua kila mtu na chake. Mtaa mmoja au chama kimoja kikichanga kikapata mashine moja yenye mizunguko yote mitatu, kichwa kimoja cha 78 na kimoja cha mono, kitaweza kunakili masanduku ya Malindi nzima kwenye kompyuta. Kila santuri ipigwe mara moja, vizuri, nakala ihifadhiwe bila kubanwa, na majina ya mwimbaji, mtunzi na kampuni yaandikwe kama yalivyo katika karatasi. Kisha santuri irudi kwa mwenyewe, ipumzike.

Na haki za watu zichungwe. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 iliipa rekodi ya sauti ulinzi wa miaka 50 tangu iliporekodiwa, na shairi miaka 50 tangu kufa kwa mtunzi. Basi rekodi ya mwaka 1965 huenda ikawa huru, huku maneno yaliyoimbwa ndani yake bado ni mali ya watoto wa mshairi. Kunakili ili kuhifadhi ni jambo moja, na kuuza ni jambo jingine.

Mwaka ule ule wa 1948 santuri ndefu ilipotoka Marekani, James Kirkman alianza kuchimba magofu ya Gede. Kuta zile zilipata walinzi, na mwaka 2024 UNESCO ikauandika mji huo katika urithi wa dunia. Hapana mtu leo atakayekubali jiwe la Gede ling'olewe. Lakini sauti za mababa zetu zinang'olewa kidogo kidogo majumbani mwetu, wala hatusemi kitu.

Jirani yangu ameshapata sindano ya mikroni 65. Siku ya kwanza kuipiga, mzee hakusema neno mpaka upande ukaisha. Kisha akamwambia kijana, "Usiirudie. Nakili, uiweke." Usiache mbachao kwa msala upitao. Sanduku lile ni amana, na amana haiharakishwi.