Kabla ya kuzima na kuwasha, uliza poti imeshikwa na nani

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizidi. Leo nina jambo linaloniudhi: hii tabia yetu ya kuzima mashine na kuiwasha upya kila kitu kinapokwenda kombo.

Majuzi nilipanda matatu kutoka Thika hadi Ruiru, nimeitwa na mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Seva yake ni kompyuta ya kawaida yenye Ubuntu, imekaa chini ya kaunta katikati ya katoni za misumari. Asubuhi nyingine mfumo wa mauzo ulifunguka vizuri, ila mauzo ya jana hayaonekani. Kijana wa duka alizima, akawasha, na mara ya pili au ya tatu yakarudi. Basi, wakaona dawa imepatikana. Siku yenye wateja wengi hakuna aliyeangalia.

Shida ni kwamba mwisho wa mwezi saruji na mabati vilipungua na mfumo hauna rekodi ya kuviuza. Mzee alishaanza kumshuku karani wa kaunta. Dada wa watu alikuwa amebakiza siku chache afutwe.

Kwenye logi nilikuta mfumo ukilalamika kwamba poti 8080 tayari inatumika. (Wengine huiita bandari. Mimi nikisikia bandari nawaza Mombasa.) Nikaandika:

sudo ss -ltnp 'sport = :8080'

Hapo l ni zile zinazosikiliza, t ni TCP, n ni namba badala ya majina, na p ndiyo inayotaja programu yenyewe. Usisahau sudo! Bila hiyo, ss haikuonyeshi programu za watumiaji wengine, nawe utadhani poti imeshikwa na jini. Ikanijibu java, namba 2214. Lakini mfumo wetu nao ni java, kwa hiyo jina peke yake halikutosha. Nikauliza inakaa folda gani:

sudo ls -l /proc/2214/cwd

Kumbe ni nakala ya zamani ya mfumo uleule, yenye hifadhidata yake, iliyoachwa na fundi aliyenitangulia na kupangiwa kuanza mashine inapowaka. Kila asubuhi nakala mbili zilikimbilia poti moja, na poti hiyo hushikwa na mmoja. Ya zamani ikitangulia, mauzo ya siku nzima yanaingia huko. Kuzima na kuwasha kulikuwa bahati nasibu tu!

Sasa, ukitafuta msaada mtandaoni utaambiwa upige fuser -k au kill -9, yaishe. Naipinga kabisa hiyo. Ningeua 2214 na kufuta folda yake "kusafisha", ushahidi wa karani ungekwenda pamoja nayo. Tena kill -9 haiipi programu nafasi ya kufunga mafaili yake. Jua kwanza unayemuua ni nani, kisha mwambie aondoke kwa kill ya kawaida.

Walio na mazoea ya netstat, sawa, ila imo kwenye net-tools, ambayo Ubuntu za sasa haziji nayo. Ss ipo tayari. Na lsof -i :8080 ukiipenda, hakuna ugomvi.

Lawama nyingine naielekeza kwa masomo yetu. Nina digrii ya kompyuta, nilikariri matabaka 7 ya OSI hadi usingizini, lakini hakuna mhadhiri aliyewahi kunionyesha /proc. Niliijua kazini, saa nane usiku, nikiwa nimeshaharibu.

Tulikesha na karani tukihamisha mauzo kutoka nakala ya zamani, risiti moja moja. Saruji ikatimia. Mabati mawili bado hatuyaoni, lakini hayo mzee amesema anajua aliyempa kwa mkopo. Karani yuko kaunta, na kompyuta tumeiondoa kwenye misumari.