Usimfiche daktari dawa ya miti shamba

Malaria inapopanda kichwani haimpi mzazi nafasi ya kujaribujaribu. Mtoto aliyeshinda na homa mchana anaweza kushikwa na degedege jioni na kupoteza fahamu kabla ya mapambazuko. Hata hivyo, baadhi ya wazazi mijini huanza na chupa ya mwarobaini na kukimbilia hospitali mambo yakiharibika. Wakifika huko, hawasemi walichompa mtoto.

Si vibaya kuamini miti. Kwinini ilitokana na maganda ya mti wa sinkona. Sindano ya artesuneti inayotumiwa leo, nayo asili yake ni mmea wa jamii ya pakanga. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2010, uliohusisha zaidi ya watoto 5,000 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo, ulionyesha kwamba artesuneti iliokoa maisha mengi kuliko kwinini. Lakini sindano hiyo ina kipimo kinachojulikana. Chupa ya mwarobaini haina.

Hatari kubwa ni kuchanganya kwa siri. Malaria kali hushusha sukari katika damu, na mwarobaini nao unaweza kuishusha. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwatia watoto wachanga degedege na kuwazimisha, dalili zile zile za malaria ya ubongo. Daktari asiyeambiwa atajuaje anapambana na nini? Tena, mtoto aliyezirai akinyweshwa chochote, kinaweza kuingia mapafuni.

Wako pia wanaonunua viuavijasumu dukani na kumpa mtoto pamoja na dawa ya kienyeji. Ni kweli kwamba hospitalini mtoto aliyepoteza fahamu hupewa viuavijasumu pamoja na dawa ya malaria, kwa kuwa homa ya uti wa mgongo hufanana sana na ugonjwa huu. Lakini vidonge viwili vitatu vya nyumbani haviponyi. Huweza kuficha bakteria wasionekane katika vipimo, na siku ikapotea bure.

Lawama si za wazazi peke yao. Baadhi ya wahudumu wa afya humkemea mama akitaja miti shamba, na mama mwingine akisikia hayo hufunga mdomo. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inatambua tiba ya kienyeji. Basi swali "Amepewa dawa gani nyumbani?" liulizwe kila mgonjwa anapopokelewa, kwa upole, na jibu liandikwe.

Nawe mzazi, mtoto akipatwa na degedege au akiwa mzito kuamka, mpeleke hospitali mara moja na ubebe ile chupa. Mficha maradhi, wahenga walisema, kifo humuumbua.