Vyombo ni vya Nani?

Enzi za bendi za dansi Dar es Salaam, mtu akitangaza kuwa anaanzisha kundi jipya, watu wa mjini hawakumuuliza atapiga mtindo gani. Walimuuliza vyombo kapata wapi. Mtindo ungekuja wenyewe mazoezini. Magitaa, amplifaya, tumba na midomo ya bata vilitaka fedha, na mwenye fedha alikuwa tajiri wa bendi, awe mfanyabiashara, chama au shirika la umma. Toleo hili linahusu historia ya jazi, na waandishi wake tuliwaomba walipeleke swali hilo la mtaani hadi New Orleans, Chicago na New York.

Historia hiyo tumezoea kusimuliwa kama nasaba. Buddy Bolden akamzaa King Oliver, Oliver akamzaa Louis Armstrong, na uzao ukaendelea hadi kwa Charlie Parker na John Coltrane. Wote hao waliishi na walipiga kweli. Lakini nasaba haisemi ukumbi ulikuwa wa nani, kibali cha kupiga alikitoa nani, wala fedha za santuri zilikwenda wapi. Ukiyaacha hayo, jazi inabaki kuwa muujiza wa vipaji, na muujiza hauna historia.

Kibali ndicho kilichotangulia. Mwaka 1817 utawala wa jiji la New Orleans uliagiza kuwa watumwa wakusanyike kucheza ngoma Jumapili tu, tena mahali atakapopataja meya. Mahali penyewe pakawa uwanja ulioitwa baadaye Congo Square. Msanifu majengo Benjamin Latrobe alipita hapo mwaka 1819, akakuta umati wa mamia umegawanyika katika duara duara, akachora vyombo alivyoviona. Kulikuwa na ngoma, na kulikuwa na chombo cha nyuzi ambacho tumbo lake ni kibuyu. Juu ya shingo yake palichongwa mtu ameketi, na nyuma ya mgongo wa huyo mtu vilisimama vigingi vya kukazia nyuzi. Wengi huruka kutoka kwenye mchoro huo moja kwa moja hadi kwenye koneti ya Bolden. Mimi siruki nao. Ngoma za uwanja ule zilikuwa zimefifia kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na Bolden alizaliwa mwaka 1877. Katikati hapo kuna kizazi na zaidi, na kilichokijaza ni vyama vya kuzikana.

Hapo ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Weusi wa New Orleans walinyimwa bima, hospitali nzuri na mara nyingi hata heshima ya mazishi, wakajiundia vyama. Mwanachama alitoa ada yake. Akiugua, chama kilimlipia daktari na dawa. Akifa, kilimzika, tena kwa bendi ya matarumbeta. Kwenda makaburini zilipigwa tenzi za kanisani kwa mwendo wa pole. Mwili ukishalazwa na jamaa wakishaaga, ngoma ilitolewa kitambaa kilichokuwa kimezima sauti yake, bendi ikageuza na watu wakarudi mjini wakicheza. Nyuma ya bendi walifuata wasioalikwa, watoto kwa wakubwa, wenye miavuli na leso. Mpuliza koneti kijana alijifunza humo. Alipaswa kujua kupiga polepole bila kupoteza mstari, kisha kupiga kwa kasi barabarani kwenye jua kwa saa nyingi, na kuwashika watu ambao hawakununua tiketi na wangeweza kuondoka wakati wowote. Vyama hivyo viliendesha pia kumbi na matamasha ya kuchangisha fedha, kwa hiyo mwanamuziki alikuwa na kazi ya uhakika kabla hajapata jina. Msomaji wa Tanga au Lamu aliyesimuliwa na wazee wake habari za beni, na jinsi vikundi vyake vilivyosaidiana katika maradhi na misiba, hatashangaa.

Sheria nayo iliingia. Louisiana ilitunga mwaka 1890 sheria ya kutenga mabehewa ya treni kwa rangi. Homer Plessy wa New Orleans akaipinga mwaka 1892, na mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua dhidi yake. Wakrioli wa mjini, watu wa damu ya mchanganyiko, wengi wao wenye mafunzo ya kusoma nota, wakajikuta wamehesabiwa kundi moja na weusi wa upande wa juu wa mji waliopiga kwa sikio. Kuna wanaosema sheria hiyo ndiyo iliyoizaa jazi. Hiyo ni kuipa sheria sifa isiyostahili. Watu hao walikuwa majirani kabla yake. Ilichofanya ni kupunguza njia nyingine za kupata riziki.

Armstrong mwenyewe alifundwa kwenye koneti isiyo yake. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alikamatwa kwa kufyatua bastola barabarani, akapelekwa katika makao ya watoto weusi watukutu, na huko mwalimu Peter Davis akamtia kwenye bendi.

Santuri ya kwanza ya jazi ilirekodiwa na vijana watano weupe wa New Orleans, Februari 1917, New York. Katika wimbo mmoja wa santuri hiyo klarineti inawika kama jogoo, koneti inalia kama farasi na tromboni inaroroma kama ng'ombe. Santuri ikauzika sana, na kabla mwaka haujaisha wapigaji wale na wenzao wa zamani wakapelekana mahakamani Chicago, kila upande ukidai wimbo ni wake. Jaji Carpenter alisikiliza mashahidi wasiojua kuandika nota wakieleza nani alimwigiza farasi kwanza. Mwishoni akaamua kuwa hakuna upande wenye hati ya kuumiliki, wimbo ukabaki wa kila mtu. Waandishi wengi huitaja kesi hiyo kama kichekesho. Kwangu ni mojawapo ya nyaraka muhimu kabisa za historia hii, kwa sababu inaonyesha mahakama ikikosa namna ya kuupima muziki usioandikwa. Weusi ambao muziki huo ulikuwa wao tangu Bolden hawakuwa hata upande mmoja wa shauri.

New York ilikuja na jambo ambalo Mkenya yeyote wa umri fulani atalitambua: kipande. Kuanzia mwaka 1940 hadi 1967, aliyetaka kufanya kazi katika klabu ya usiku inayouza pombe alipaswa kuwa na kadi ya polisi, na ili aipate alichukuliwa alama za vidole. Akipatikana na kosa, hasa la dawa za kulevya, kadi ilichukuliwa. Mwimbaji Billie Holiday alifungwa mwaka 1947. Alipotoka hakuruhusiwa kuimba katika klabu yoyote ya jiji hilo, lakini Machi 1948 aliujaza ukumbi wa Carnegie Hall, maana kumbi za tamasha hazikuhusika na kadi. Mpiga piano Thelonious Monk alinyang'anywa yake mwaka 1951, akakosa klabu za New York kwa takriban miaka sita. Aliporudishiwa, mwaka 1957, aliingia Five Spot akiwa na Coltrane. Vitabu huiita miaka ile sita kipindi cha ukimya wa Monk, kana kwamba alikuwa amejitenga kutafakari. Alikuwa amefungiwa kazi.

Wapo waliojua kuzikwepa kanuni. Ukumbi wa Minton's wa Harlem, ambako mtindo wa bibapu ulipikwa mwanzoni mwa miaka ya 1940, ulianzishwa na Henry Minton, mpuliza saksafoni aliyekuwa mjumbe wa kwanza mweusi katika tawi la 802 la chama cha wanamuziki. Chama kiliwatoza faini wanachama waliopiga bure baada ya kazi. Kwa Minton walipiga.

Kiswahili nacho kimo. Novemba 1960, mpiga piano Randy Weston alirekodi New York santuri ya Uhuru Afrika, kwa maneno ya Langston Hughes na mpangilio wa Melba Liston, na sauti inayoifungua kwa Kiswahili ni ya Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Afrika Kusini iliipiga marufuku. Iliyoitoa ni kampuni ya Roulette, na tajiri wake, Morris Levy, alitiwa hatiani mwaka 1988 kwa njama za unyang'anyi wa vitisho. Uhuru ulikuwa jina la santuri. Mwenye santuri alikuwa Levy. Miaka ya 1970 ilipoanza, Herbie Hancock na wenzake walijipa majina ya Kiswahili, yeye akawa Mwandishi na mpuliza tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga. Henderson alikuwa daktari kweli, mwenye shahada yake.

Msomaji ataniuliza kuhusu Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz na Kilwa Jazz. Ubishi wa kama walichopiga ni jazi au rumba tumeuacha nje kwa makusudi, kwani umekwishakula kurasa za kutosha. Kinachotuvutia ni kwamba Western na Kilwa zilikuwa bendi za watu wa kwao waliokutana mjini, na kwamba mwaka 1964 chama cha wafanyakazi kiliunda NUTA Jazz, kikanunua vyombo na kuwalipa wapigaji mshahara. Mshahara ulikuwa kitu kikubwa. Bolden hakuwahi kuuota. Lakini mwanamuziki aliyehama alihama mikono mitupu. Mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo alipoiacha bendi hiyo kwenda kuanzisha Mlimani Park mwaka 1978, vyombo vya kuanzia vilikuwa vya kampuni ya teksi.

Mali nyingine ilikuwa kanda. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo nyimbo nyingi za bendi hizo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania na kanda zikabaki kwenye kabati za redio, wakati bendi iliyotaka santuri ilitazama Nairobi. Jaji wa Chicago angeukuta hapa mgogoro ule ule, ila safari hii sauti imehifadhiwa, tarehe imeandikwa na majina ya wapigaji yanajulikana. Makala mbili za mwisho za toleo hili zinauliza kwa nini hata hivyo malipo bado hayajajulikana yaende kwa nani, na waandishi wake hawakubaliani. Tumezichapa zote mbili bila kuzipatanisha.