Masafa ya Angani na Masafa ya Feri

Bwana Mhariri,

Husemwa kwamba baina ya kiwanja cha ndege cha Moi, kilichoko Changamwe, Mombasa, na kile cha Jomo Kenyatta, Nairobi, masafa ya angani ni takriban kilomita 420, na kwamba ndege huyakata kwa muda usiotimia saa moja. Kauli hiyo ni sahihi kwa rubani, ama kwa msafiri wa Likoni, asimamaye alfajiri na begi kichwani huku feri ikijaa na kuondoka bila yeye, kisha akatafuta matatu ya kumvusha Makupa, hesabu ni nyingine kabisa. Barabara ya Dongo Kundu, isiyopitia feri, alhamdulillahi, imewafaa wenye magari yao. Basi wauzao tikiti, watangazapo muda wa safari, waanzie mlangoni kwa abiria.

Wako mtiifu,
Msomaji, Likoni