Hamira ya Guka Si Uchafu

Wasee, niseme tu bila kuzunguka. Tunalipa pesa nzuri kununua hamira ya shambani ya Wazungu, huku ile ya babu zetu tukiiacha iliwe na panya darini. Hilo linaniuma. Na kama hujafika miaka 18, hii ni ya kusoma tu, si ya kuonja.

Kuna bia inaitwa saison. Asili yake ni Wallonia, ule upande wa Ubelgiji wanaongea Kifaransa. Stori inayosimuliwa ni kwamba wakulima waliipika miezi ya baridi, wakaiweka hadi kiangazi, vibarua wa shamba wakate kiu nayo. Saison ni "msimu" kwa Kifaransa. Kimea chake hakina maajabu, hopsi pia. Mambo yote yako kwa hamira. Hiyo ndiyo inaleta kaharufu ka pilipili manga na karafuu, matunda kidogo, halafu mwisho mkavu kabisa, hakuna utamu unaobaki mdomoni.

Kilichonishika ni kwamba inapenda joto. Lager inataka baridi ya nyuzi 10 hivi, lazima uwe na friji. Hamira nyingi za saison zinafanya kazi poa kwa nyuzi 25 mpaka 30 na kitu. Keja yangu iko juu kabisa ya ploti Zimmerman, chini ya mabati. Friji sina. Joto ninalo la kugawa.

Basi nikapika sufuria moja ya kimea, lita 12, nikagawa kwa ndoo tatu. Ya kwanza nikatia hamira kavu ya saison, ya pakiti. Ya pili, hamira ya mandazi kutoka duka la hapo chini. Ya tatu, kipande cha muratina nilichopewa na guka. Zote zilianza na kipimo cha 1.048 kwa haidromita.

Ya mandazi ilichemka kama wazimu siku mbili, ikalala 1.014. Ladha ya mkate, utamu umebaki. Inanyweka, lakini haina stori. Ya saison ilienda polepole mpaka 1.003. Sababu ni kwamba hamira kama hiyo, wataalamu wanaiita diastaticus, inatoa kimeng'enya cha kukatakata zile sukari ndefu ambazo hamira ya kawaida inaziacha. Mimi kwa haraka yangu niliweka chupa kadhaa kabla imalize kula. Saa tisa usiku moja ikalipuka jikoni, jirani akadhani ni risasi. Usinifuate hapo. Subiri kipimo kikae palepale wiki nzima.

Ya muratina ndiyo ilininyamazisha. Ilifika 1.008, na uchachu mwepesi kama wa mursik changa, na harufu ya asali ilhali sikutia asali. Muratina ni tunda la mti ule wa matunda kama soseji. Linachemshwa, linakaushwa, na hamira inajificha kwa nyuzi zake. Ukimaliza kupika unalianika tena juani, litumike mara nyingine. Kumbe lile tunda ni benki ya hamira.

Sasa sikia. Magharibi ya Norway wakulima walikuwa na hamira yao, kveik, wengine wakiikausha kwa pete za mbao. Kitu kilekile! Leo maabara zinaiuza kwa pakiti dunia nzima. Yetu tunaiita uchafu.

Najua kwa nini. Mathe alipoona ndoo zangu hakuongea siku mbili. Nimeacha chuo, sasa napika pombe, si ni hayo tu alikuwa anaogopa? Na kaka yake mkubwa alipoteza macho kwa kinywaji cha kibanda. Siwezi kumwambia anakosea kuogopa. Pombe ni pombe, hata ya guka imevunja nyumba za watu.

Lakini kilichompofusha anko si muratina. Ni methanoli, kemikali ya viwandani, ambayo mtu aliimwaga ndani ili apate faida haraka. Ndiyo iliyoua watu wengi nchini mwaka 2014. Asali na nafaka zikichacha kawaida hazitoi methanoli ya kukuua. Tukiviweka vitu hivi viwili kwa gunia moja, yule mzee anayepika ya ruracio anajificha, na muuaji anajificha nyuma yake. Sheria ya 2010 ilifungua mlango wa leseni. Shida ni sisi, bado tunaona haya.

Sisemi kila mtu aanze kupika, na kuuza bila leseni ni kosa. Nasema muulizeni mzee wenu kabla hajaondoka. Alikausha vipi? Alitoa wapi tunda la kwanza? Andikeni, rekodini.

Guka ana miaka 84, na muratina zake zimebaki saba kwa gunia juu ya moto. Nilimuuliza nani atazirithi. Alicheka, akasema watoto wake wote wameokoka. Nimemwomba tatu. Mathe bado hajui.