Amani Haihitaji Jimbo Lake

Mkazi wa Ngamiani, Tanga mjini, anapofungua bomba alfajiri, maji yanayojaa ndoo yake yametoka Amani. Mto Zigi huanzia huko, kwenye misitu ya Usambara Mashariki, hupokea vijito vinavyopita kando ya mashamba ya chai, iliki na mdalasini, kisha huteremka hadi bwawa la Mabayani ambako jiji huchota. Ili maji hayo yasikauke, Sheria ya Mazingira ya 2004 inamtaka mkulima wa Amani aache mita 60 kando ya mto bila kulima. Wengine waliachia mashamba ya iliki ili msitu wa Derema uunganishwe na misitu jirani. Wa juu na wa chini jambo lao ni moja, lakini siku ya kura hawakutani kokote. Wa Amani anapiga kura jimbo la Muheza, wa Ngamiani jimbo la Tanga Mjini, na hakuna mgombea ubunge hata mmoja anayelazimika kuwaomba kura wote wawili.

Mkoa wa Tanga una majimbo 12. Pwani kuna Tanga Mjini, Mkinga na Pangani, na Muheza nyuma yake. Ukipanda na barabara kuu unakutana na Korogwe Mjini na Korogwe Vijijini. Milima ya Usambara Magharibi imegawanywa Lushoto, Mlalo na Bumbuli, na upande wa bara kuna Handeni Mjini, Handeni Vijijini na Kilindi. Kila jimbo hutoa mbunge mmoja, na anayewazidi wenzake hata kwa kura moja ndiye anayekwenda Dodoma.

Ni rahisi kuelewa kwa nini mtu wa Misalai, Zirai au Mbomole, huko Amani, atatamani Amani iwe jimbo. Muheza ya bondeni ni machungwa, mkonge na biashara ya barabarani. Amani ni mvua, utelezi wa masika, vibarua wa mashamba ya chai na vijiji vilivyopakana na hifadhi iliyotangazwa 1997. Shida hizi hazifanani. Mgombea anayepiga hesabu ya muda na mafuta ataanza kule kwenye watu wengi na barabara nzuri, na milimani atafika mwishoni, jua likizama, akiahidi barabara. Sina la kumlaumu mwananchi anayesema, tupeni wetu.

Hata hivyo hoja hiyo ikipelekwa kwenye hesabu haisimami. Katika mapitio ya 2025, Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitumia kigezo cha watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa jimbo la vijijini. Muheza yote ilikuwa na watu 204,461 katika sensa ya 2012, Amani ikiwa ndani yake. Mapitio hayo yaliongeza majimbo 8 nchini, kutoka 264 hadi 272, na Tanga haikupata hata moja. Wala haikuonewa. Mkoa ulihesabiwa kuwa na watu 2,615,597 katika sensa ya 2022, na ukiwagawa kwa majimbo 12 kila mbunge anabeba watu kama 218,000. Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728, na hata baada ya kuongezewa Kivule na Chamazi ili ifikishe majimbo 12, kila mbunge wake anabeba karibu 449,000. Kwa kipimo hicho, kura ya mtu wa Muheza ina uzito wa kura mbili za mtu wa Mbagala. Zanzibar, yenye majimbo 50 kwa watu 1,889,773, iko mbali zaidi, ingawa hilo lina historia yake katika makubaliano ya Muungano na haliwezi kupimwa kwa mizani hii peke yake.

Ndani ya Tanga kwenyewe kuna mwanya mkubwa. Kwa sensa ya 2012 Pangani ilikuwa na watu 54,025 na jiji la Tanga watu 273,332, mara tano, na kila upande mbunge wake ni mmoja. Katiba inaruhusu hivyo. Ibara ya 75 inaiagiza Tume izingatie njia za mawasiliano na hali ya kijiografia, na kuchunguza mipaka angalau mara moja kila miaka kumi, bila kutaja ukomo wa tofauti kati ya jimbo na jimbo. Majirani zetu wa Kenya waliandika ukomo huo katika Ibara ya 89 ya Katiba yao ya 2010: asilimia 40 juu au chini ya wastani kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache, asilimia 30 kwingineko. Pamoja na hayo Lamu Mashariki, visiwa vyenye watu 22,258 katika sensa ya 2019, ilibaki jimbo. Naliona jambo hilo kuwa la haki. Mtu anayefika kituo cha kura kwa mashua hastahili kupimwa kwa rula ileile ya Nairobi, na Pangani isinyang'anywe kiti chake. Ila tukubaliane kwamba Tanga haina upungufu wa viti. Upungufu uko kwenye namna viti hivyo vinavyopatikana.

Turudi 2015, uchaguzi uliokuwa na ushindani mkali kuliko wote tangu vyama vingi virudi. Kitaifa, katika kura za urais, John Magufuli wa CCM alipata asilimia 58.46 na Edward Lowassa wa upinzani asilimia 39.97. Katika mkoa wa Tanga, CCM ilichukua majimbo 11 na CUF ikachukua moja, Tanga Mjini, kupitia Mussa Mbarouk. Mwananchi wa Amani aliyechagua upinzani mwaka ule hakuambulia chochote. Kura yake ilihesabiwa na kutangazwa, ikaishia pale Muheza. Aliyechagua CCM kule Ngamiani yakamkuta yaleyale. Watu hao wawili, ambao tayari wanakunywa maji ya mto mmoja, walipoteza sauti kwa utaratibu mmoja.

Baada ya hapo mambo yaliharibika. Mwaka 2018, alipofariki mbunge Stephen Ngonyani, aliyejulikana kama Profesa Maji Marefu, uchaguzi mdogo wa Korogwe Vijijini uliisha kabla ya siku ya kura: Timotheo Mnzava alipita bila kupingwa. Mwaka 2020 wagombea ubunge 28 wa CCM nchini walipita namna hiyo. Sheria mpya ya uchaguzi ya 2024 imefuta utaratibu huo na kumtaka mgombea wa pekee apigiwe kura ya ndiyo au hapana, na hilo ni jema. Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, CHADEMA ikiwa nje ya karatasi ya kura, siku iliyogeuka ya vurugu na vifo huku intaneti ikizimwa. Siwezi kuandika juu ya mgawanyo wa viti nikajifanya sikuyaona hayo. Kanuni bora kabisa ya kuhesabu kura haimfai kitu mtu ambaye chama chake hakimo kwenye karatasi. Haki ya kugombea inatangulia. Lakini haki hiyo ikirudi leo, na tukaiacha kanuni ya mshindi kuchukua chote, Amani itabaki pale ilipo.

Sababu ni kwamba katika mikoa kama Tanga mbunge hupatikana mapema, kwenye kura za maoni za CCM zinazopigwa na wajumbe wake. Mtaani watu walishazoea kusema wajumbe si watu wazuri, na msemo huo unabeba ukweli kuhusu nani anayeamua. Tena hata wajumbe wenyewe hupewa orodha iliyokwisha kuchujwa juu. Julai 2025 jina la January Makamba, aliyeiwakilisha Bumbuli tangu 2010, halikurudi kwa wajumbe. Awe alistahili au hakustahili, wananchi wa Bumbuli hawakupata nafasi ya kusema. Hata enzi za chama kimoja haikuwa hivi. Mwaka 1965 TANU ilipeleka wagombea wawili katika kila jimbo lenye ushindani, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakamwangusha Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Mchujo ulikuwepo, lakini neno la mwisho lilikuwa la mpiga kura, na waziri alilala akijua hivyo.

Lesotho nayo ilitumia mfumo kama wetu wa mshindi kuchukua chote. Mwaka 1998 chama tawala kilichukua majimbo 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Matokeo yake yalikuwa ghasia, Maseru ikachomwa moto, na majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Waliokaa mezani baadaye waliacha majimbo 80 kama yalivyo, wakaongeza viti 40 vya kufidia vyama vilivyopata kura bila kupata majimbo. Katika uchaguzi wa 2002 chama tawala kilishinda tena karibu kila jimbo, ila safari hii wapinzani waligawana viti vyote 40 na kuingia bungeni.

Kwetu wazo la uwiano si geni. Viti maalum vya wanawake hugawanywa kwa vyama kufuata kura zao nchi nzima, kwa chama kilichofikisha asilimia 5. Na wazo la mkoa kuwa jimbo liliwahi kuandikwa: rasimu ya kwanza ya Tume ya Jaji Joseph Warioba, Juni 2013, ilipendekeza kila mkoa wa Bara uwe jimbo la Bunge la Muungano lenye wabunge wawili, mwanamke na mwanamume. Pendekezo hilo halikupita katika Bunge Maalum la Katiba, lakini wazo halikufa.

Ninachopendekeza ni kuunganisha viwili hivi. Majimbo 12 ya Tanga yabaki. Viti maalum vitolewe kwenye orodha ya kitaifa, vigawanywe kimkoa, vifuate jumla ya kura za chama katika mkoa mzima na kufidia kile ambacho majimbo yamekinyima. Tuseme Tanga imepewa viti sita vya namna hiyo: chama chenye theluthi moja ya kura za mkoa na kisicho na jimbo hata moja kingepata angalau wanawake wawili wa kukisemea. Majina yao yabandikwe vituoni kabla ya kura, na mpiga kura awe na haki ya kuweka alama kwa amtakaye ndani ya orodha, ili viongozi wa chama wasiupange peke yao mlolongo huo. Mbunge wa namna hiyo angeomba kura Amani na Ngamiani ndani ya wiki moja. Angelazimika kuwa na jibu moja kuhusu mto Zigi, nani alipwe kwa kuutunza na kwa fedha ya nani.

Najua kinachosemwa dhidi ya hili. Watu wanataka mbunge wao, anayejulikana kwa sura, anayekuja msibani na kusukumwa na wazee wa kijiji. Naiheshimu hoja hiyo, ndiyo maana majimbo yanabaki. Wengine wanahofia gharama, lakini viti hivi tayari vipo na vinalipiwa. Kinachobadilika ni mbunge wa viti hivyo kujua ametumwa na watu gani.

Katika kampeni za 2025 Rais Samia Suluhu Hassan aliahidi kuanzisha mchakato wa Katiba mpya. Ndugu yangu wa Amani, wakipanda huko watu wa kukusanya maoni, usiombe jimbo. Omba kura yako, hata ikishindwa Muheza, ihesabiwe tena na kura za mkoa mzima. Nawe wa Ngamiani, simama naye katika hilo, kama yeye anavyokutunzia maji.