Mkate wa Mtumwa na Jiwe la Mugere

Wako wenzetu wanaoamini kwamba historia ni mali ya wakubwa: wafalme, majemadari na wasafiri mashuhuri. Mpishi, mvuvi na mpiga kasia, kwa maoni yao, hawana kitu kistahilicho kuwekwa katika makumbusho. Nasema waziwazi kwamba imani hiyo ni potofu, na kwamba sisi walimu wa Kiswahili wa mwambao huu wa Tanganyika twasaidia kuieneza.

Pompeii na Herculaneum ni miji ya Kirumi iliyofukiwa mlima Vesuvius ulipolipuka mwaka 79. Mwaka 2013 British Museum ya London ilifanya maonyesho ya maisha ya kila siku ya miji hiyo. Miongoni mwa vitu vilivyowekwa mbele ya watazamaji kilikuwamo kitanda cha kubembelezea mtoto mchanga, na mkate ulioungua ukawa kama mkaa. Mkate huo ulipigwa mhuri kwamba ni wa Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Miaka 1,900 na zaidi imepita, na jina la mtumwa lingali linasomeka.

Na turudi kwetu. Huko Mugere, Kabezi, kusini ya Bujumbura, liko jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Jiwe halisemi uongo. Lakini je, mabwana hao walifika kwa kuogelea? Kitabu cha Stanley mwenyewe chaeleza kwamba walitoka Ujiji katika mtumbwi wa mti wa mvule, pamoja na wapiga makasia 16, viongozi wawili Wajiji, kijana Selim, na Ferajji mpishi. Huku wakapokewa na mtawala Mukamba. Wageni wawili wamepata jiwe. Waliowavusha, waliowapikia na waliowakaribisha hawakupata hata herufi moja.

Jambo hili latuhusu sisi hasa, kwani Kiswahili hakikufika mwambao huu kwa kuchongwa mawe. Kililetwa na misafara na biashara, kikakua mitumbwini, sokoni na jikoni. Mwalimu anayewadharau wapiga makasia aidharau asili ya somo lake.

Twajibiwa kwamba vitu vya kila siku viko tele, na kwamba hakuna atakayetoka nyumbani kwake kwenda kutazama wavu. Hoja hiyo ni uvivu uliovishwa joho la busara. Mkate wa Celer nao, siku uliposokotwa, ulikuwa mkate tu. Tena Pompeii ilihifadhiwa na majivu, bali ziwa letu halihifadhi. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Tanganyika yalipanda yakaingia katika nyumba za watu wa mwambao. Kilichochukuliwa na maji hayo hakuna atakayekuja kukichimbua. Karabai nazo, zilizomulika ziwa usiku ili kuvuta ndagala, zaachia nafasi taa za betri. Zikitoweka, maneno ya kazi ile yatazifuata.

Sisemi jiwe la Mugere livunjwe. Nasema lipatiwe wenzake. Kila shule, toka Kabezi hadi Rumonge, yaweza kutenga rafu moja tu: kasia kuukuu, kinu kilichotwangiwa chikichi za mawese, karabai iliyokufa, kipande cha wavu wa mukeke. Kando ya kila kitu paandikwe jina lake kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kazi yake, na jina la aliyekitumia, kwa ridhaa yake. Wanafunzi wawaulize babu na bibi zao, waandike majibu kwa Kiswahili safi. Hiyo ndiyo insha.

Kazi hii haihitaji fedha wala kibali cha mtaalamu kutoka ng'ambo. Yahitaji mwalimu asiyeona haya kumwita mvuvi darasani na kuketi asikilize. Tuianze muhula ujao.